Niliyemfundisha Kuweka Dripu

Nilirudi shule nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na kilichonirudisha ni gauni la mgonjwa.

Mama mmoja aliletwa chumba cha dharura akiwa amechomwa kisu ubavuni. Mimi ndiye niliyempokea. Nilichukua mkasi nikalikata gauni lake kupitia pale pale kisu kilipoingilia, maana tayari palikuwa na tundu, nikalisokomeza kwenye mfuko wa nailoni likiwa bichi kwa damu. Tukamwokoa. Miezi kadhaa baadaye niliitwa mahakamani. Gauni lilikuwa limeoza na kuota ukungu. Wakili wa mshtakiwa alilinyanyua kwa ncha za vidole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, nionyeshe hapa, tundu la kisu ni lipi na mkasi wako ulipita wapi?"

Sikuweza kumwonyesha. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi ya uuguzi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nguo ya majeruhi hukatwa kando ya tundu, hukaushwa, kisha hutiwa kwenye mfuko wa karatasi. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu hadi Kariakoo, jua la saa saba likiniwakia utosini, nikasema moyoni: haya lazima nikayasomee.

Nikakuta yanasomewa. Uuguzi wa uchunguzi wa jinai, shahada ya uzamili, kwa njia ya mtandao, kwenye chuo cha mbali. Kwa maneno mepesi ni elimu ya kumtibu mtu aliyepigwa au kuingiliwa kwa nguvu huku ukimtunzia ushahidi wake usipotee. Darasa lilikuwa kila Jumamosi saa tisa alasiri. Kwao ni asubuhi, kwetu ndiyo saa ambayo Kariakoo inapiga kelele kuliko siku zote za wiki.

Mume wangu anauza chupa za chai na hotipoti kwa jumla, na sisi tunaishi ghorofa ya nne juu ya mtaa uleule wa duka. Nyumba ina watoto, wageni kutoka Moshi na televisheni isiyozimwa. Alinitengea kona stoo, katikati ya maboksi, akaniwekea kiti cha plastiki na meza ya kupigia pasi. "Soma, mama watoto," aliniambia. "Ila wakija kuchukua mzigo, uwapishe."

Jumamosi ya kwanza nikafungua kompyuta, nikavaa hedifoni. Nyuso zikaanza kujitokeza kwenye vijumba vyao, mojamoja, watu wa nchi nisizozijua. Kijumba cha sita kilipofunguka, nikamwona yeye.

Alikuwa muuguzi wa wodi yangu. Nilimpokea akiwa ametoka chuoni juzi, mikono inamtetemeka mpaka wagonjwa wanamhurumia. Mimi ndiye niliyemshika kiganja alipoweka dripu yake ya kwanza. Na mimi ndiye niliyemtajia masomo haya, siku moja wakati wa chai, nikamwandikia hadi anwani ya chuo. Nilimwambia kama mtu anavyomwonyesha shoga yake kitambaa alichonunua. Sikutegemea aende dukani akakate kilekile.

Ujumbe wake ukaingia kwenye simu. "Dada! Nilitaka nikushtukize!"

"Umenishtua kweli," nilimjibu. "Hongera, mdogo wangu."

Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe na pazia lililokuwa likipepea. Wanaishi Upanga, yeye na wazazi wake, watu wenye asili ya Uarabuni. Baba yake ana duka la viungo huku kwetu Kariakoo tangu enzi za babu. Katikati ya somo uliingia mkono wenye bangili, mkono wa mama yake, ukaweka kikombe cha kahawa na kisahani cha halua, ukampapasa kichwa, ukatoka. Mimi nyuma yangu kulikuwa na maboksi yenye picha za chupa za chai zilizochorwa waridi. Zamu yangu ya kujitambulisha ilipofika nikafungua maiki, na spika ya duka la chini ikaingia nayo: "Wahi, wahi! Mzigo umefika! Mama njoo, dada njoo, usipoona utasimuliwa!"

Mwalimu, nesi mzee mwenye nywele nyeupe, akauliza kama kwetu kuna sherehe. Darasa zima likacheka. Yule mdogo wangu naye akacheka, nikayaona meno yake yote.

Wivu wa mapenzi watu huutania, hata hupigiwa taarabu. Huu wangu haukuwa na wimbo. Ulikuja kidogokidogo kama mchwa, na mimi nikaupa majina mengine. Nilisema binti anajipendekeza. Nilisema wenzetu wana nafasi, hawapiki, hawafui. Mwalimu alianza kusema "kama mwenzenu alivyoeleza vizuri," na kabla hajataja nani, nilishajua. Majibu ya kazi zetu yalipotoka, aliniuliza, "Dada, umepataje?"

"Kama wewe tu," nilimjibu. Nilikuwa nimeponea chupuchupu kufeli.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa mifuko. Mwalimu alipotufundisha habari ya mifuko ya karatasi, Jumatatu yake niliandika barua ya kuomba hospitali inunue, nikaipeleka, nikasubiri. Yeye alipita dukani kwa baba yake, akaja na bunda la mifuko ya kaki, ile ya kufungia iliki na mdalasini, akaipanga kwenye kabati la chumba cha dharura. Kabati lote likanukia pilau. Daktari mkuu alimpongeza mbele ya wote kwenye kikao cha asubuhi. Barua yangu hakuna aliyeikumbuka, na mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote ili mtu asinione.

Baada ya hapo wakaanza kumwita. Akija mtu aliyepigwa, madaktari husema, mwiteni yule binti. Mimi, kiongozi wa wodi, niliyeyagundua kwanza masomo yale, nikawa mtu wa kutumwa kumwita.

Asubuhi moja ya Jumanne alikuja askari wa kike wa dawati la jinsia, ambaye tulizoeana kwa kazi. Alikuwa na mwanamke wa kama miaka thelathini, amejifunga mtandio shingoni siku ambayo joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa.

"Shikamoo, sista," askari alinisalimu. "Namuulizia yule sista wa ushahidi."

Nilijua anamuulizia nani. Alikuwa nyuma ya ukuta, chumba cha chai. Nilikuwa nasikia kijiko chake kikigonga kikombe.

"Marahaba. Ametoka," nilisema. "Lakini nipo mimi. Na mimi nasomea hayohayo."

Nilimpeleka mwanamke yule kwenye chumba kidogo, nikafunga mlango. Mtandio ulipotoka nikaona alama za vidole pande zote mbili za shingo. Mume wake alikuwa amemkaba usiku uliopita. Nilikaa naye muda mrefu. Nilimwuliza polepole, nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema, hata pale alipokosea, hata pale aliposema "nikaona Kariakoo yote imezimwa taa." Nilipima kila alama kwa rula. Nilipiga picha, nikajaza fomu ya polisi kwa mwandiko mzuri. Kazi ilipendeza, na nilikuwa nawaza uso wa mwalimu kama angeiona.

Mwanamke alikuwa akizungumza kwa sauti ya kukwaruza. Alikohoa. Nilimpa maji, akaonja, akaweka glasi chini. Niliviona vyote hivyo na sikuviona. Daktari, aliyekuwa na foleni hadi mlangoni, aliniuliza kama kuna cha kutisha. Nikasema ni michubuko tu. Akasaini, mwanamke na askari wakaondoka.

Dakika chache baadaye mlango ulifunguliwa. Aliingia yeye, amemshika mwanamke yule mkono, askari nyuma yao. Walikuwa wamekutana korido.

"Dada," alisema, "sauti yake umeisikia?"

"Labda ni mafua," nilianza kusema.

"Kumeza anaweza?"

Niliangalia ile glasi. Maji yalikuwa yamejaa vilevile. Akamwomba mwanamke aangalie juu, akamvuta ukope wa chini kwa kidole. Ndani yake kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama vilivyodonolewa kwa pini, dalili ya kukabwa kwa nguvu. Sote wawili tulilisoma somo hilo wiki tatu kabla: mtu aliyekabwa huweza kuonekana mzima, kisha koo likavimba kwa ndani saa nyingi baadaye na kumfungia hewa. Mimi nilikuwa nimelipigia mstari kwa wino mwekundu.

Alilazwa. Saa nane mchana koo lilivimba, wakamwekea mpira wa kupumulia. Angekuwa wakati huo kwenye bajaji pale Msimbazi, katikati ya foleni ya malori yanayotoka bandarini, asingefika popote. Alipona. Niliandika taarifa ya kosa langu mwenyewe, siku ileile, kabla mtu hajaniuliza, nikampelekea daktari mkuu. Nilipewa barua ya onyo na nilistahili.

Lakini kabla ya kuiandika, nilimkuta yule binti chumba cha chai. Alikuwa amesimama tu, hana kikombe.

"Askari ameniambia ulisema nimetoka," alisema.

"Nilisema."

"Ulikuwa hujui nipo?"

"Nilikuwa nakusikia unakoroga chai."

Akanitazama. "Kwa nini, dada?"

Ningeweza kusema uchovu, na angekubali. "Nakuonea wivu," nilimwambia. "Tangu Jumamosi ile ya kwanza."

Macho yalimjaa machozi lakini sauti haikutetemeka. "Ungenifanyia mimi peke yangu ningemeza. Yule mama alikukosea nini?" Akatoka.

Tangu siku ile hakuniita dada. Alinisalimu kila asubuhi, "Shikamoo, sista kiongozi," kwa adabu zote, mikono nyuma, na mimi nikaitika marahaba. Nilimweleza mume wangu. Aliendelea kupanga hotipoti, kisha akasema, "Duka la jirani likijaa wateja, wewe unafagia lako. Huendi kumfungia mlango." Sikuupenda ushauri wake. Jirani yake yeye alishahama mtaa, hajui anachokisema.

Niliacha kuingia darasani. Jumamosi ya kwanza nilisema nina kazi, ya pili sikujisumbua kusema chochote, ya tatu nilikuwa dukani nikihesabu vifuniko vya chupa na wateja wa Morogoro. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye, amepenya katikati ya mikokoteni na wamachinga, ushungi umeloa jasho, daftari mkononi.

"Umekosa masomo matatu," alisema. "Nimeyaandika yote humu."

Nilimkaribisha stoo. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akaangalia meza ya pasi na maboksi ya waridi, akasikia spika ya chini ikiita watu.

"Sijakusamehe," alisema. "Usifikiri nimekuja kwa hilo."

"Sijafikiri."

"Yule mama alikuja jana kliniki. Aliniuliza, yule sista aliyeandika maneno yangu kama nilivyoyasema yuko wapi? Anasema alisomewa kituoni, akajisikia kama ni yeye mwenyewe anayezungumza." Alifungua daftari, akalifunga. "Mimi sijui kufanya hivyo. Nikimsikiliza mtu nakimbilia kumnyooshea sentensi. Mwalimu kaniandikia mara mbili nirekebishe. Nionyeshe."

Kwa hiyo tukasoma. Yeye alinieleza masomo matatu, mimi nikajifanya mgonjwa, nikamsimulia hadithi ya uongo ya kupigwa, naye akaandika. Kila aliponinyooshea sentensi nilimgonga kidole kwa kalamu, kama nilivyomfanyia zamani wodini. Mara ya nne akacheka. Alipoondoka alisema, "Haya, kwaheri, dada," haraka haraka, kama limemponyoka.

Nilifurahi. Na palepale, nimesimama mlangoni mwa stoo, nikahisi kile kitu tena: hata kusamehe anakujua kuliko mimi.

Alimaliza kabla yangu. Mimi nilirudia somo moja, nikamaliza muhula uliofuata. Siku waliyomfanyia dua na chakula kwao Upanga nilikwenda, nikamsalimia mama yake shikamoo, akanishika mikono yote miwili. "Ndiwe uliyemlea kazini mwanangu," aliniambia, "Mungu akulipe." Nilikula sambusa mbili, ya tatu nikairudisha kwenye sahani.

Mwaka huu hospitali imetenga chumba maalumu kwa watu waliopigwa na waliodhalilishwa. Daktari mkuu aliniomba, kama kiongozi wa wodi, nipendekeze kwa maandishi nani akisimamie. Ombi lake lilikaa mezani siku mbili. Asubuhi ya kwanza niliandika jina langu kwenye karatasi, nikaikunja nikaitupa. Ya pili nilianza kueleza sifa zinazotakiwa kwa jumla bila kumtaja mtu, nikajiona ninavyokwepa, nikaitupa nayo. Mchana wa siku ya pili niliandika jina lake, sentensi moja ya kwa nini, nikasaini, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu ili nisibadili nia.

Alikuja kunishukuru kabla ya kwenda nyumbani, anaangaza kama taa. Nilimwambia hongera, na nusu yake ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia lile dirisha la upande wa barabara halifungi, watu wa nje wanaweza kuchungulia, alifuatilie kesho mapema kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

"Nitalifuatilia, dada," alisema, akatoa kalamu, akaliandika.