Taa ya Injini Imepona

Mimi fundi mwenye mikono safi simwamini.

Jumamosi nilikuwa gereji moja hapa Msamala, nimepeleka gari kubadilisha oili. Mwalimu mmoja, mama wa makamo anayeishi Ruhuwiko, alikuwa amefuata gari lake kuukuu. Kila mara fundi akibadilisha sensa ya ekzosi, kile kifaa kinachopima moshi, taa ya injini inazima, wiki haiishi inawaka tena, na moshi unanuka petroli vilevile.

"Safari hii imepona kabisa, mama," fundi alisema, akifuta viganja visivyo hata na tone la grisi.

Mama aliviangalia vile viganja. Akaingia garini, akageuza ufunguo nusu, injini ikiwa bado kimya.

"Ukigeuza hivi, taa zote za dashibodi huwaka kwanza. Ya injini mbona haiwaki?"

"Si ndiyo uliyokuwa unailalamikia?"

"Umechomoa balbu!"

Fundi akatazama barabarani. "Lakini haikusumbui tena, mama."

Nilimhurumia sana yule mama. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeiponya taa yangu mwezi uliopita. Nikaenda kwenye gari langu, nikageuza ufunguo nusu, taratibu. Taa ziliwaka zote, isipokuwa moja.