Mama Presha na Matairi ya Kuvishwa

Kule machimbo ya mawe hakuna aliyempenda Mama Presha, na yeye wala hakukosa usingizi kwa hilo. Jina alipewa na madereva, kwa sababu ya kipima upepo alichokining'iniza shingoni kama filimbi ya refa. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka langoni, alipita gurudumu kwa gurudumu, akichutama, akipima, akipapasa ubavu wa tairi kwa kiganja kutafuta mpasuko. Dereva aliyejifanya ana haraka alitupiwa maneno ambayo asingethubutu kuyarudia mbele ya mama mkwe wake.

Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa magari: matipa ya kifusi, na pikapu zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zile zinazoshuka hadi chini shimoni na mafundi wa baruti. Njia yenyewe ilikuwa njia kwa jina tu. Ilikuwa ni mawe yaliyopasuliwa jana, makali kama chupa iliyovunjika, na juu yake mteremko wa kumfanya mtu akumbuke dhambi zake.

Matairi aliyajua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mziba pancha kando ya barabara, na alipofariki, mama akiwa ametangulia, binti aliacha shule akashika nyenzo na nyundo za marehemu. Mdogo wake wa mwisho, mvulana ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa bado wa kubebwa. Akambeba. Alifungua matairi ya malori huku mtoto kalala mgongoni, na mtoto alipoanza kutembea alichezea vifuniko vya valvu badala ya vidoli.

Kitinda alikua akawa na akili ya biashara. Alifungua karakana ya kuvisha matairi: unachukua tairi lililoisha kashata, ile michoro ya juu inayoshika barabara, lakini mwili wake bado mzima, unalikwangua, unalivisha mpira mpya, unalipika kwenye tanuri hadi vishikamane. Kwenye ukuta aliandikisha kwa rangi nyekundu, MAPYA KULIKO MAPYA. Siku ya ufunguzi alisimama mbele ya wageni, shati limenyooshwa, akasema, "Mimi sikushikwa mkono na mtu. Nimejilea mwenyewe."

Dada yake alikuwa nyuma kabisa, ameshika sinia la vikombe vya chai. Aliliweka sinia chini taratibu, vikombe vyote vikiwa vimejaa, akatoka. Tangu siku hiyo wawili hao walipeana maneno kupitia kwa shangazi yao tu, na maneno yenyewe hayakuwa salamu.

Basi, mwaka ule meneja wa machimbo alimwita Mama Presha ofisini. Matairi mapya waliyokuwa wakiletewa yalikuwa ya bei rahisi, ubavu mwembamba kama karatasi ya maandazi. Mawe yaliyachana kabla kashata hazijaanza hata kulika.

"Nataka uniambie," meneja alisema. "Tununue mapya mengine, au twende kwenye ya kuvishwa? Nasikia ya kuvishwa yanavumilia mawe. Na mdogo wako si ndiye anayevisha?"

"Anavisha. Na mimi sitaki."

"Hutaki matairi, au humtaki ndugu yako?"

Mama Presha alikunja uso. "Nataka mapya, ila yale mazito, yenye ubavu mnene."

"Hayo hayapo kwenye uwezo wetu. Chagua kati ya haya tunayopata na ya kuvishwa."

Habari ilifika kwa shangazi kabla jioni haijaingia. Bibi huyo alikuja mwenyewe, akaketi kitandani kwa Mama Presha bila kukaribishwa, akavua viatu.

"Mwanangu, mpe mdogo wako kazi. Damu ni damu."

"Shangazi, gari halitembei kwa damu."

"Unamwonea wivu."

"Mimi? Nimemwogesha yule! Nimemtoa makamasi kwa mdomo!"

"Ndiyo hayo anayoyachukia," shangazi alisema. "Kila ukimwona unamkumbusha makamasi."

Mama Presha alimwambia avae viatu vyake.

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na matairi mapya yaliendelea kuchanika. Mwishowe alirudi kwa meneja na neno lake: lifanyike jaribio. Pikapu moja ifungwe nyuma matairi ya kuvishwa kutoka kwa Kitinda. Nyingine ifungwe ya Bwana Miwani, mzee mkavu mwenye karakana upande wa pili wa mji, ambaye Kitinda alimchukia kwa moyo wote. Mbele yabaki mapya, kwa sababu usukani si mahali pa kujaribia kitu. Zote mbili zipande njia ileile na mzigo uleule.

Kitinda alipojua amelinganishwa na Bwana Miwani, alituma ujumbe kwa shangazi: "Mwambie asante kwa matusi." Dada akajibu: "Mwambie bado hajasikia matusi."

Matairi yalifungwa. Na hapo Mama Presha akapata pigo ambalo hakulitarajia: yalikuwa mazuri, ya Kitinda sawa na ya Bwana Miwani. Yalikuwa na kashata pana zenye meno, zikauma mawe na kupanda mteremko ambao matairi mapya yalikuwa yakiteleza na kunuka moshi. Wiki zikapita, ubavu bado mzima. Kwa mwendo ule wa polepole wa shimoni, hakuona kasoro, na alikuwa ameitafuta kwa bidii ya polisi wa mpakani. Madereva walianza kumtania waziwazi. "Mama, mwenye kiburi kashindwa na tairi la mtumba!" Alipima upepo, akakaza kifuniko cha valvu kana kwamba ni shingo ya mtu.

Kitinda naye hakukubali kushinda kimya. Alikuja langoni mwa machimbo na gari lake jipya, akashusha kioo mbele ya madereva wote.

"Dada! Nasikia umeanza kujifunza kazi!"

"Ondoka langoni, unazuia tipa."

"Ukihitaji mwalimu unajua nilipo. Mwanafunzi mzima sitamtoza."

Wanaume walicheka. Mama Presha akafungua lango, akaelekeza tipa lililojaa kifusi litoke hapohapo, na Kitinda akarudi kinyumenyume hadi barabarani huku vumbi likimwingia kupitia kioo alichokishusha.

Ajali ilitokea siku ya joto kali. Pikapu yenye matairi ya Kitinda ilitumwa mjini kuchukua vipuri, kwa hiyo ilitoka kwenye mawe ikaingia lami, mwendo ukaongezeka. Kwenye mteremko, mpira wa tairi la nyuma ulijibandua wote kwa mpigo. Ule mkanda ulizunguka na gurudumu ukichapa chini ya gari kama kiboko, ukakata bomba la breki. Dereva alikuwa mtu mzima aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuwahi kukimbia hata akifukuzwa. Aliona barabara imejaa watoto wanaotoka shule, akalikata gari kuliingiza kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Watoto walipona wote. Yeye alivunjika mtulinga na meno ya mbele.

Mama Presha alimkuta hospitali, mdomo umevimba.

"Upepo uliupima asubuhi," Taratibu alisema kwa shida. "Nilikuona."

"Nilipima."

"Basi wasije wakasema ni mimi."

Walisema ni yeye. Mama Presha alipofika karakana ya Kitinda mchana huo, bado ana damu ya Taratibu kwenye mkono wa gauni, mdogo wake alikuwa amekwisha kuwaeleza wateja yote: dereva mzembe, upepo mdogo, mwendo wa kasi. Wateja walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri, soda mkononi.

"Upepo niliupima mimi," Mama Presha alisema.

"Ndiyo maana," Kitinda akajibu, na watu wakacheka.

Mama Presha alikwenda kwenye safu ya matairi yaliyotoka tanurini, yanang'aa kama viatu vya harusi, akachukua nyundo iliyokuwa mezani. Akaanza kugonga tairi moja, akilizungusha, sikio karibu. Sauti ilikuwa kavu, ya kujaa. Akaenda la pili. Nalo kavu. La tatu alipoligonga, mahali fulani lilitoa sauti nzito ya kitu kilichooza ndani.

"Weka nyundo chini," Kitinda alisema.

"Nani alikufundisha kugonga tairi kabla ya kulivisha?"

"Nimesema weka chini!"

"Nani alikufundisha?"

Aliweka nyundo, akashika kisu cha mpira. Kitinda alimkamata kiwiko, naye akamsukuma kwa bega, lile bega lililokuwa limeinua matairi ya malori tangu usichana, hata Kitinda akaenda kugonga tanuri. Mama Presha akachoma kisu palepale paliposikika vibaya, akakata, akashika ncha ya mpira kwa koleo akavuta. Uliachia kirahisi kama ganda la ndizi iliyoiva. Chini yake kulikuwa na jeraha la zamani lililozibwa kwa vipande vya mpira, na nyaya za ndani zimeota kutu. Kutu ilimwagika sakafuni, unga mwekundu.

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja aliinuka, akaenda kutazama matairi yake yaliyokuwa yamekwisha kupakiwa kwenye gari.

"Mwili huu ulikuwa wa kutupwa," Mama Presha alisema. "Uliujua umekufa, ukauvisha."

Kitinda alimwonyesha mlango. "Toka. Toka kwangu. Wewe si dada yangu, wewe ni uchawi ulioachwa na wazee!"

"Na Taratibu hana meno."

"Toka!"

Alitoka, na kisu bado kiko mkononi. Alikirusha mtaroni alipokiona.

Kesho yake meneja alisema basi, ya kuvishwa yafutwe yote, hataki kuyasikia. Kila mtu alidhani Mama Presha atafurahi. Badala yake alikaa kwenye kiti bila kuambiwa akae.

"Ya Bwana Miwani yamefanya kazi ileile na hayana dosari. Nimeyagonga yote leo asubuhi. Mbele tuweke mapya, nyuma tuweke yake, na gari lenye ya kuvishwa lisitoke shimoni kwenda lami. Na kila mwili nitaukagua mimi kabla hajauvisha."

"Jana ulikuwa na kisu," meneja alisema. "Leo unayatetea?"

"Tairi halijanikosea kitu."

Ikawa hivyo. Kitinda aliposikia kazi amepewa Bwana Miwani, alikwenda kwa shangazi akalia kama mtoto, kisha akavunja kioo cha kabati la bibi huyo. Hasira za shangazi zikaenda kwa Mama Presha. Alimwambia kwamba angeweza kuyasema yale faraghani, ndugu kwa ndugu, mlango umefungwa.

"Tairi lilibanduka mlango umefungwa?" Mama Presha aliuliza.

Ukoo uligawanyika. Wengi walikwenda kwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwalipia watoto ada na kuwakopesha gari siku za harusi. Mama Presha aliacha kualikwa. Karakana ya Kitinda haikufungwa, ilipoteza wateja wa machimbo ikabaki na wa mjini. Alimlipia Taratibu meno ya bandia, lakini alituma mtu, yeye mwenyewe hakwenda.

Walikutana mara moja tu baadaye, shangazi alipolazwa. Dada aliketi upande huu wa kitanda, kaka upande ule, bibi katikati akiwaangalia kwa zamu kama anayesubiri mvua. Alipopitiwa na usingizi, Kitinda alinong'ona juu ya shuka:

"Sasa nagonga kila tairi kabla sijavisha. Wateja wanatazama. Wameipenda sana hiyo mbinu yangu."

"Mbinu yako?"

"Yangu."

Mama Presha alimtazama, shati lake lililonyooshwa, kidevu kilichofanana na cha baba yao. Alitaka kumtandika. Alichukua mkoba wake, akambusu shangazi kwenye paji la uso, akapita nyuma ya kiti cha mdogo wake bila kumgusa wala kumuaga, akaenda kazini, ambako tipa lilikuwa linasubiri langoni na dereva anapiga honi.