Hooyo Hakutoka Mferejini

Juzi nilipita kwenye mashamba ya kando ya Tana, nikaona gunia la mchanga limeziba ukingo wa mfereji uliobomoka. Nikakumbuka siku moja ya utotoni mwangu.

Siku ile hatukuwa na gunia. Majani ya mahindi yetu yalikuwa yamejikunja kwa kiu, na zamu yetu ya maji ilikuwa imefika hatimaye. Pampu ya chama cha wakulima ilinguruma kule mtoni, harufu ya dizeli ikatanda hadi migombani. Mara ukingo wa mfereji tuliotumia pamoja na jirani ukabomoka, maji yakaanza kukimbilia vichakani. Hooyo, mama yangu, akajaza udongo kwa jembe, ukasombwa. Basi akajilaza mwenyewe pale palipobomoka, mgongo wake ukawa ukuta.

Mimi nilidhani anajipoza. Nikacheka, nikamrushia maji.

"Hooyo, na mimi niingie?"

Alikuwa akimtazama jirani yetu Abshiro, ambaye zamu yake ilikuwa imewadia.

"Abshiro, walaal, ndugu yangu, niongezee kidogo tu. Yangu yamemwagika."

"Wallahi ningekupa," Abshiro akasema huku analia. "Lakini mahindi yangu nayo yanakufa."

Akaziba njia ya maji ya shamba letu, akafungua ya kwake.

Hooyo hakutoka. Nilidhani maji yamemnogea, kumbe angeinuka tu, maji ya Abshiro pia yangepotelea vichakani. Akabaki amelala mferejini mpaka shamba la jirani likanywa likashiba, na muda wote ule macho yake yalikuwa kwenye mahindi yetu.