Koti Nyuma ya Migomba

Asubuhi ile tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na mume wangu Wafula, tukibishana kama mbuzi wa mama mkwe ana mimba au ni ulafi tu. Jua lilipowaka, Wafula alivua koti lake la kijani, akalitundika msumarini.

Saa sita wakaja wanaume wanne wenye bunduki.

Walimwita kwa jina. Akawafuata.

Kisha mlio mmoja, upande wa migomba yetu.

Nilikimbilia Kitale na watoto, nikakaa huko miaka nikiuza vitunguu. Mama mkwe alibaki. Mwili haukuonekana. Wazee wakataka tuzike mgomba badala yake, ndiyo desturi yetu kwa aliyepotea. Nilikataa kwa ukali. Niliwaambia mume wangu si mgomba.

Mwaka huu, ili kuwatafuta waliopotea kijijini, ikaja rada ya kuchungulia ardhini, chombo cha magurudumu kinachosukumwa kama toroli. Fundi wake, mwanamke kutoka Bungoma mjini, alinieleza kwa simu kwamba haioni mifupa, inaonyesha tu udongo uliowahi kuchimbwa. Nilirudi nyumbani na shuka jipya la kumfunikia. Mama mkwe alikaa mlangoni, hata chai hakugusa.

Nyuma ya migomba fundi alisimama.

“Hapa kulichimbwa. Urefu ya mtu. Lakini usiseme ni yeye, mama. Ngoja.”

Vijana aliokuja nao walichimba polepole, kwa mwiko wa mwashi.

Kitambaa cha kijani.

Mchimbaji mmoja akavua kofia. Lakini koti lile Wafula aliliacha msumarini siku ile.

Chini ya koti hapakuwa na mfupa, ila udongo mweusi. Mama mkwe alikuwa amefika nyuma yangu.

“Ni mimi nilizika mgomba, nikaufunika na koti yake,” akasema. “Wewe ulikuwa Kitale na tumaini yako. Mimi nilibaki na hii mlango. Nilitaka mahali ya kulilia mtoto yangu.”

Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Amzike mume wangu kwa siri, nami niko hai! Lakini nilipogeuka nilimwona ameshika ukingo wa shimo kwa mikono miwili, akiogopa nitalifukua lote.

Nikatandaza shuka juu ya koti. Tukarudishia udongo, yeye kwa mikono, mimi kwa jembe. Fundi alisukuma rada yake kuelekea kwa jirani, ambako mama mwingine alikuwa akingoja na shuka.

Mgomba ule sasa tunaulilia wawili. Wafula hatujui aliko.