Mama Mkwe na Tumbawe la Mchangani

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na tangi la maji ya chumvi sebuleni, na kipenzi chake humo kilikuwa tumbawe moja la duara, la rangi ya machungwa, pana kama kisosi. Matumbawe mengi hung'ang'ania mwamba maisha yao yote. Hili halijishikizi popote: hulala tu juu ya mchanga, huvimba taratibu taa inapowaka, na likichoka mahali hujisogeza lenyewe, kidogo kidogo.

Mama mkwe wake alipofanyiwa upasuaji wa goti, alikuja kukaa na fundi na mkewe. Wiki ya pili, fundi akatoka kazini akalikuta tumbawe juu ya jiwe. Akalirudisha mchangani. Kesho yake, juu ya jiwe tena. Siku ya nne nyama yake laini ilikuwa imechanika ukingoni, mfupa mweupe unachungulia. Na mchana nyumbani alibaki mtu mmoja tu.

"Ni mama," alimnong'oneza mkewe jikoni.

"Basi mwambie."

"Nimwambie mama mkwe asiguse? Mimi?"

"Mimi simo," mkewe akajibu, akacheka hadi akaweka kisu chini.

Fundi akaendelea kulishusha siku mbili nzima. Siku ya tatu, wakinywa chai, mama mkwe akaanza mwenyewe.

"Mwanangu, samahani kuingilia mambo yako. Hilo ua lako kila siku linaanguka. Nalipandisha, linaanguka. Litafutie gundi."

Fundi akapaliwa na chai. "Mama, halianguki. Mimi ndiye ninayelishusha. Kwao ni mchangani."

Mama mkwe akainuka na mkongojo wake, akasogea kwenye kioo, akakiona kidonda. Uso ukamshuka. "Kumbe mimi ndiye niliyelichubua."

"Litapona, mama. Lisisuguliwe tu, na lilishwe vizuri."

"Basi kulisha niachie mimi."

Fundi akampa kibano kirefu, akamwonyesha jinsi ya kuzima pampu ya tangi ili maji yatulie, kisha kuweka kipande cha nyama ya kamba, kidogo kama punje ya mchele, karibu na mdomo ulio katikati. Mama mkwe akabana pumzi. Mdomo ukafunguka polepole, ukameza.

"Jamani, linakula! Nami nilidhani pambo!"

Baada ya miezi miwili nyama ilikuwa imefunika ukingo wote, likabaki kovu dogo tu. Goti nalo likapona, mama mkwe akarudi kwake. Jumamosi hupiga simu, humsalimu binti yake haraka haraka, kisha husema, "Haya, nipe mumeo, nimuulizie mgonjwa wangu."