Niliapa Kortini Kwamba Sikula Kiande

(Jina la mwandishi wa barua hii tunalo. Ameomba tulifiche, nasi tumelificha.)

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Kiplombe hapa Eldoret, nyuma ya duka la baba yangu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Nina msichana mmoja wa miaka saba, hapa nitamwita Nyambura. Kuna jambo nilifanya ambalo siwezi kumwambia hata pasta wetu, kwa sababu kila Jumapili ningemwona akiniangalia. Nyinyi hamnijui, ndiyo maana nawaandikia.

Kwetu Wakikuyu, ndoa haijakuwa ndoa mpaka bwana arusi akate mguu wa mbele wa mbuzi, ule tunaita kiande, ampe bibi arusi ale mbele ya wazee. Ukishakula, wewe ni mke wa mtu. Mimi nilikula. Bwana yangu alikata kwa woga mpaka kisu kikateleza, na mjomba wake akamwambia, "Wewe kata! Huyo mbuzi ameshakufa, hatakuuma!" Watu walicheka, na mimi nikacheka nikiwa na nyama mdomoni.

Tulikaa kwao Cheptiret na hatukukaa vibaya. Mtoto alipozaliwa tukampa jina la mama mkwe, kama desturi inavyotaka. Kwa hivyo bwana yangu hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "Mama". Akitoka shambani anasimama mlangoni anauliza, "Mama yuko? Mama amekula?" na mtoto anakimbia kumvua viatu vyake vya gambuti.

Tulikosana kwa maneno ya watu. Niliambiwa ana mwanamke Chepsaita. Sikumwona kwa macho yangu. Nilimuuliza bwana yangu, akakasirika, nikafunga nguo nikabeba mtoto nikaja kwa baba. Alikuja kunichukua mara tatu, baba akamfukuza. Mara ya nne akasema, "Ukitaka kukaa, kaa. Lakini mtoto nilimzaa ndani ya ndoa. Nitaenda kortini." Na kweli akaenda.

Niliogopa, jamani. Kila aliyekuja dukani aliniambia kwa mila mtoto ni wa baba, nijitayarishe. Nyambura alikuwa na miaka minne, bado analala ameshika sikio langu. Ndipo baba akaniita nyuma ya duka akaniambia polepole, "Ndoa ni kiande. Kama hakuna kiande, hakuna bwana. Kama hakuna bwana, mtoto ni wa hapa. Umenielewa, mami?"

Nilimwelewa.

Hakimu hakuwa mtu wa kwetu, ilibidi aelezwe kiande ni nini. Mjomba wa bwana yangu akasema nilikula, yeye alikuwa hapo. Baba yangu akasema hakuna mbuzi aliyechinjwa, wale watu walikuja kunywa chai wakaenda. Bwana yangu akasimama. "Mheshimiwa, huyu mtoto ana jina la mama yangu. Ni nani anapatia mtoto jina la mama ya mtu asiye bwana yake?" Baba akamjibu, "Akina Nyambura wamejaa Eldoret yote. Wote ni mama yako?" Watu wakacheka mpaka askari akawanyamazisha.

Hakimu akasema, basi tumuulize mwenyewe. Nikapewa Biblia nikashika.

"Mama, ulikula hiyo nyama?"

Nikasema, "Sikula."

Nilidhani bwana yangu atapiga kelele. Yeye aliniangalia mdomo tu, kama mtu anayengoja nimalizie maneno. Hakimu akasema kwa sheria mwanaume ambaye hakuoa hana haki juu ya mtoto, hata ya kumtembelea. Huko nje bwana yangu alichuchumaa mbele ya Nyambura akamwambia, "Mama, kwaheri." Mtoto akamuuliza, "Si tunaenda nyumbani?" Nilimvuta mkono tukaondoka.

Sasa ni miaka mitatu. Bwana yangu hajaoa. Yule mwanamke wa Chepsaita, mpaka leo hakuna mtu amemwona.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa aliniletea kiondo kidogo, kile kikapu cha kusuka, cha rangi nyekundu na kijani. Akaniambia, "Kimetoka Cheptiret. Nyanya anasema macho yake yanaisha, hiki ndicho cha mwisho ataweza kusuka. Ni cha mwenye jina lake." Nyambura alikipenda sana. Huenda nacho shule, anatia paketi yake ya maziwa ya Nyayo, yale wanayopewa bure shuleni, humo ndani. Akaniuliza, "Ni nani amenisukia?" Nikamwambia nilinunua sokoni. Nilidhani uwongo wangu uliisha kule kortini. Kumbe bado ninao, na sasa namwambia mtoto.

Nikirudi kwa hakimu niseme ukweli, naambiwa kudanganya na Biblia mkononi ni jela, na baba naye ataaibika, mzee aliye na presha. Na labda mtoto nitanyang'anywa kabisa, maana nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba yule ni baba yake halali. Nikinyamaza, nyanya atapofuka kabla hajamwona mwenye jina lake, na baba wa Nyambura ataendelea kuwa si kitu kwa makaratasi. Lakini bado nina tumaini. Nafikiri lazima kuna njia mtoto anaweza kuwa wetu sisi wawili, hata kama mimi na yeye hatutarudiana.

Wasomaji, kila Jumamosi Nyambura huvaa sweta yake ya kanisa, anatundika kiondo begani, anasimama mlangoni. Anataka nimpeleke sokoni akamwambie asante mama aliyemsukia. Nimemwambia Jumamosi ijayo, na hiyo nimeisema mara tatu. Nishaurini, tafadhali. Nimpeleke wapi?