Picha Zilizotangulia Sala

Jepleting, kitindamimba wangu, anafanya kazi ambayo nimechoka kuwaeleza akina mama wa kanisa. Huko Nakuru anatunza programu inayopokea video ikiwa vipandevipande na kuviunganisha. Kila kipande, cha picha au cha sauti, hubeba alama ya wakati wake. Alama zikikosea, mtu husikika kabla hajafungua mdomo.

Siku ya posa ya dada yake Jerop, nyumbani Keringet, tulitumia programu hiyo. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Kibii, yuko Kanada, na bila neno lake kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando ya kubariki posa, hakingefunguliwa. Tulimtumia video ya sala ya kufungulia shughuli na yaliyofuata, tukakaa kungoja.

Alipiga simu akinguruma. "Mama Jerop, huo ni ukoo gani? Mzee anaomba, mashangazi wanacheka mpaka wanashikana mbavu!"

Niliona jina la marehemu mume wangu likianguka mbele ya wageni. Mashangazi walicheka, ndiyo, lakini baada ya amina, jogoo aliporukia meza ya soda!

Jepleting aliitazama video, kisha akamgeukia binamu yake Weldon, mpiga picha wetu.

"Weldon, ulizima kamera watu wakiomba?"

"Si kila mtu alikuwa amefunga macho? Kamera nayo nikaifunga."

"Na maikrofoni?"

"Hayo ni masikio. Nani hufunga masikio akiomba?"

Shangazi Jepkemboi alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Jepleting akajipiga paja. Programu yake ilikuwa ikihesabu picha tu bila kuangalia saa, kwa hiyo picha za kicheko ilizibandika pale sala ilipoanzia.

"Kosa ni langu, mama."

"Rekebisha kwanza. Tutatubu baadaye."

Aliandika upya mistari michache ya programu ili kila picha ifuate saa ya kamera. Tukatuma tena, simu ikiwa wazi katikati ya wazee. Tuliisikia sala yetu ikitoka Kanada, ndefu kweli. Amina. Kisha kelele za jogoo, na Mzee Kibii akaangua kicheko.

"Kumbe ni jogoo! Huyo mtanipa?"

"Huyo hatoki kwangu, mzee. Bibi harusi anatosha."

"Basi nyinyi ni watu wa heshima. Funguni kibuyu!"

Vigelegele vikalipuka. Mashangazi walimbeba Jepleting juujuu, kompyuta kifuani, wakamzungusha uani. Na mimi, niliyewakataza binti zangu kukimbia mbele ya wakwe, nilikuwa mbele yao nikirukaruka bila viatu.